Neno Lililobaki kwa Useni

Hata kabla ya ugonjwa, Useni Byaombe hakuwa mtu wa maneno mengi. Mji mzima wa Baraka walimjua kwa mapaa yake. Nyumba iliyoezekwa na Useni haikuvuja, na upepo unaotoka ziwani mwezi wa nane, ule unaong'oa mabati ya watu na kuyatupa mashambani, uliipita kama haukuiona. Kazi yake ilikuwa huko juu, amekalia mbao, misumari imebanwa kwenye pembe ya mdomo, na mwenye misumari mdomoni hahutubii mtu. Akitaka apokewe nyundo alisema, "Kamata." Akitaka mwenzake ashikilie bati lisiteleze alisema, "Kamata." Mengine aliyasema kwa macho.

Mke wake, Nuru, alimpata kwa njia hiyohiyo. Nuru alikuwa msichana, anatoka kisimani na ndoo kichwani, akamkuta kijana amechuchumaa kwenye kiwanja kitupu na kamba ya kupimia, hana wa kumshikia ncha ya pili. "Dada, nikamatie hapa kidogo." Nuru akatua ndoo, akakamata. Kijana akaenda na kamba mpaka pembe ya mbali, akapiga kigingi, akarudi, akapima tena, akafikiri, akapima upande mwingine. Maji ya ndoo yakapata moto kwa jua. Nuru alipomwambia kwamba nyumbani wanamngoja, Useni alishtuka kama mtu aliyeamshwa, akambebea ile ndoo mpaka mlangoni kwao, kitu ambacho wanaume wa mtaa ule hawakukifanya. Mwaka huohuo, baada ya Ramadhani, walioana.

Walizaa watoto sita. Watano walikwisha kutawanyika, huyu Uvira, yule Kalemie, wengine ng'ambo ya ziwa. Nyumbani alibaki kitinda mimba, Feza, aliyekuwa mwaka wa pili katika shule ya wauguzi, anasomea ukunga.

Siku ugonjwa ulipoingia ilikuwa Jumatatu asubuhi. Useni alikuwa amekaa kwenye kigoda anakunywa chai. Kikombe kikamtoka. Nuru alimwona akiutazama mkono wake wa kulia kama anautazama mkono wa mtu mwingine aliyekuja kukaa karibu yake bila kubisha hodi. Kisha mdomo ukaenda upande. Jirani alitoa pikipiki, wakamweka Useni katikati, Nuru nyuma yake amemzungushia mikono miwili na kumfunga kwa kitenge asianguke, wakaenda hospitali hivyo, Nuru akimsemesha njia nzima bila kujua anasema nini.

Daktari alieleza kwamba mshipa wa kichwani umeziba. Baada ya majuma matatu mguu ulirudi, si wote, lakini wa kutembelea kwa fimbo. Mkono ulirudi nusu. Sauti ilikuwapo. Maneno ndiyo hayakuwapo. Siku ya tisa ya ugonjwa, Nuru akiwa anamlisha uji, Useni alikunja uso, akahangaika na ulimi kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, halafu likatoka, safi kabisa, kwa sauti yake ileile ya miaka yote:

"Kamata."

Nuru aliweka bakuli chini akamkamata mkono. Useni akatikisa kichwa. "Kamata." Akampa maji. Akatikisa kichwa. "Kamata," akasema tena, na safari hii macho yalijaa machozi, maana alijisikia mwenyewe kwamba silo alilotaka kulisema. Toka siku hiyo hakupata lingine. Alimsalimu mwalimu wa msikiti, "Kamata." Alimkaripia kuku aliyeingia ndani, "Kamata." Alimwita Feza, "Kamata."

Mtaani wakaanza yao. Wengine walisema Useni amekamatwa. Hawakusema na nini, wakaachia hapo, na kila mtu akaelewa kwamba wanasema jini. Nuru alisikia, akapita.

Mwezi wa pili tangu watoke hospitali, akamchukua kwenda naye sokoni. Alitaka anyooshe mguu, aone watu. Walikuwa kwa wauza ndagala, dagaa wa ziwani, Nuru anachagua, Useni amesimama nyuma yake na fimbo yake, wakati kijana mmoja mbeba magunia, Bertin, alipopita mbio akiwahi lori la kwenda Nundu. Kifuko kikamponyoka kwapani. Hakukiona. Useni alikiona. Alikiinua kwa shida na mkono wa kushoto na kumwita mwenyewe, kwa nguvu zote, kwa neno alilokuwa nalo:

"Kamata! Kamata!"

Kijana anakimbia, mzee nyuma yake anapiga kelele kamata. Soko halikuuliza. Watu watatu walimrukia Bertin akaanguka chini, mmoja akamzaba kofi, wa pili akafuata. Nuru alipofika, Bertin alikuwa amekwisha kupasuka mdomo.

"Mumuache," Nuru alisema, akijipenyeza katikati yao. "Si mwizi huyu. Ameangusha vitu yake, bwana yangu anamwita ili akamate vitu yake. Muangalie."

Ndani ya kifuko kulikuwa na viatu vya mtoto, vipya, vyekundu. Wale watatu wakatazamana, wakapangusa mikono kwenye suruali. Bertin alisimama, akachukua viatu, akamtazama Useni kwa muda. "Aksanti, mzee," alisema. Hakucheka. Lori lilikuwa limekwisha kwenda.

Useni alilia njia nzima, kimya, anatembea analia, wala hakujipangusa kwa kuwa mkono mzima ulikuwa na fimbo. Nuru alimpangusa mara mbili kwa ncha ya kitenge, kisha akaona ni heri waharakishe wafike.

Baada ya hapo alimweka nyumbani. Ndugu ya Useni, Ramazani, alimuunga mkono. "Shemeji, ni vizuri vile," alisema. "Siku moja batu batauana juu ya ile neno." Useni alikuwa amekaa palepale, anasikiliza. Watu walikuwa wameanza kuzungumza mbele yake kana kwamba aliyepoteza maneno amepoteza na masikio.

Mtu mmoja tu hakufanya hivyo. Huyo ni Ketsia, muuguzi wa mazoezi, msichana mnene mchangamfu aliyekuja kila Alhamisi kuunyoosha ule mkono. Yeye alimsemesha Useni kama anavyosemeshwa mtu, akamwachia nafasi ya kujibu, na akijibiwa "Kamata" alisema, "Ah bon?", yaani kumbe, akaendelea. Siku moja, akiwa anafunga mkoba wake, alimuuliza Nuru:

"Mama Feza, kwa siku moja baba anasemaka mambo ngapi?"

"Moja tu. Si unasikia?"

"Neno ni moja. Mi nauliza mambo. Ngapi?"

Nuru alimgeukia Useni, akamtazama.

"Usimurekebishe," Ketsia alisema. "Usimuambie sema maji, sema chai. Maneno haikufa, iko ndani, ila njia imeharibika. Barabara ikiharibika, bantu banapita mahali panapitika. Ye panapitika hapo tu. Sasa we sikiliza ni nini anapitisha."

Juma lile Nuru alisikiliza. Mwanzoni aliona ni upuuzi. Halafu, asubuhi moja, Nuru anapepea makaa, Useni kutoka kwenye kigoda chake alisema, "Kamata?" na neno likapanda mwishoni kama mtu anayenyoosha shingo. Nuru akageuka. Makaa yalikuwa yameanza kuwaka upande mmoja.

"Ndiyo, Baba Feza," alisema polepole. "Moto umekamata."

Useni akashusha pumzi ndefu, akaegemea ukuta. Alikuwa na sura ya mtu aliyetua mzigo.

Basi Nuru akaanza kuokota maana. Redio ilipokoroma badala ya kusema, Useni aliizungusha kwa kidole na kunung'unika, "Kamata, kamata," na Nuru akajua: haikamati. Wakaihamishia dirishani. Jirani alipojenga ukuta wa choo, Useni alikwenda na fimbo yake, akabonyeza saruji kwa kidole gumba, akamgeukia fundi na kusema neno lake kwa heshima, taratibu, na fundi, bila kufundishwa na mtu, akajibu, "Ee mzee, imekamata. Kesho tunapanda." Mguu ulipomuuma neno lilitoka puani, la chini. Akitaka kupewa kitu lilikuwa fupi, kiganja kiko wazi juu. Lakini akitaka jambo lisimame kwanza, watu wangoje, alilivuta mwisho na kulishusha, kiganja kikitazama chini kama anayetuliza bati lililoanza kupeperuka. Hiyo ya kungoja ndiyo iliyomchelewesha Nuru zaidi. Aliikosea mara nyingi, akamletea vitu mzee wa watu hali alitaka tu mkewe aketi kidogo.

Alijishangaa. Neno hilo alikuwa nalo mdomoni toka utoto. Mimba alikamata mara sita, malaria ilimkamata mara asizozihesabu, watoto wake walikamata masomo au hawakukamata, na kila asubuhi watu wa Baraka wanakamata njia ya Fizi au ya Mboko. Hakuwahi kusimama akaliangalia.

Ilikuwapo na kamata moja ambayo hakuipatia maana. Alasiri moja alikuwa amekaa chini anasukwa na Feza, Useni akapita, akasimama, akamwekea mkono wa kushoto mgongoni. "Kamata," alisema. Hakuwa anaomba kitu wala hakuwa anauliza. Feza aliinua macho. "Mama, anataka nini?" Useni akaendelea na safari yake ya kwenda uani, tap tap na fimbo.

Feza alichumbiwa wakati wa kiangazi. Kijana aliitwa Safari, wa Mboko, mtoto wa familia yenye boti mbili na duka kando ya barabara. Alikuwa mpole, anaona haya, na Feza alimpenda. Siku ya ndoa waliweka turubai uani, wanaume wakaketi kwenye mikeka, wanawake wakajaa ndani ya nyumba nyuma ya pazia. Ramazani alitaka yeye ndiye amwozeshe Feza, badala ya kaka yake. Nuru alikataa. "Baba yake angali hai," alisema, na mwalimu wa msikiti akamkubalia: asiyeweza kusema, kichwa chake na mkono wake vinatosha.

Kabla ya ndoa kufungwa walikula. Mjomba wa Safari, mzee mwenye sauti kubwa, alikuwa amepewa nafasi karibu na Useni. Katikati ya mazungumzo alisema, kwa furaha tu, bila ubaya, "Feza akifika kwetu atakaa dukani. Mambo ya masomo tutaachia hapo. Muke wa mutu masomo ya nini tena?" Wengine wakacheka, wengine wakaendelea na wali. Nuru alisikia akiwa mlangoni na sinia mkononi. Alimtazama Feza nyuma ya pazia. Feza alikuwa ameinamisha kichwa, na hina mikononi. Nuru alijiambia kwamba jambo hilo watalizungumza siku nyingine, si leo. Siku ya ndoa ni kama yai.

Mwalimu akakohoa, wote wakanyamaza. Alisoma alichosoma. Kisha akamgeukia Useni, aliyevaa kanzu yake nyeupe na kofia iliyokaa upande kidogo.

"Baba Feza, unakubali binti yako Feza aolewe na Safari?"

Useni alimtazama, akamtazama Safari. Midomo yake ilihangaika kidogo.

"Kamata," alisema.

Wanaume wakapumua kwa pamoja. "Alhamdulillahi," Ramazani alisema, macho yamemlowa, "amesema mwenyewe, kamata mutoto." Ndani wanawake wakapiga vigelegele. Lilikuwa jambo zuri mno, baba mgonjwa na neno lake moja, nalo likaangukia mahali pake siku ya kutakiwa. Watu walikuwa wameanza kupeana mikono.

Nuru alisimama na sinia lake. Alikuwa amelisikia mwisho wake. Lilivutwa, likashuka. Na mkono wa Useni, juu ya goti, kiganja kilitazama chini.

Alitamani awe amekosea. Vigelegele vilikuwa vinaendelea, na wageni wametoka Mboko tangu alfajiri. Ramazani alikuwa analia kwa furaha. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua, isipokuwa Useni. Useni alikuwa ameugeuza uso wake kutoka kwa wanaume wote wale, anautafuta mlango, anamtafuta yeye.

Nuru akaweka sinia chini, akavuta pazia, akatoka mpaka katikati ya mikeka ya wanaume.

"Mwalimu, munisamehe," alisema. "Bado hajakubali."

Mikono iliyokuwa inapeanwa ikaachiana, na vigelegele ndani vikakatika.

"Shemeji," Ramazani alisema kwa upole wa mtu anayezuia aibu, "sisi wote tumesikia. Amesema kamata."

"Amesema kamata ya kungoja. Si ya kupana mutoto. Mi nakaaka naye kila siku, nyinyi munakujaka Ijumaa."

Mjomba wa Safari alianza kusema kitu, mwalimu akamwinulia kidole. Alimsogelea Useni, akachutama mbele yake. "Baba Feza. Tunangoja. Tunangoja nini?"

Useni aliinua fimbo. Ilitikisika hewani, ikapita vichwa vya watu, ikaelekea kwenye dirisha la chumba cha Feza. Dirishani, kwenye msumari, ilining'inia blauzi nyeupe ya shule ya wauguzi, imefuliwa tangu jana, imesahauliwa pale katika pilikapilika. Akamnyooshea fimbo mjomba. Akairudisha kwenye blauzi. Akaishusha, akakunja ngumi ya kushoto, ngumi yenye nguvu, akaiweka kifuani kama mtu asiyetaka kunyang'anywa.

"Kamata," alisema. Hakuna aliyehitaji kufasiriwa hiyo.

Mwalimu aliinuka. "Anataka mutoto akamate masomo yake," alisema. "Asiachilie. Safari, we unasema nini?"

Safari alikuwa ameinamisha uso. Alipouinua ulikuwa umeiva kwa haya. "Mimi, hakuna mwenye aliniuliza," alisema. "Tuliongea na Feza. Ataikala kwanza hapa mpaka amalize, mi nitakuwa nakuja. Nilimuheshimu mujomba, ndiyo maana nilinyamaza."

"Na we, Feza?" mwalimu aliuliza kwa upande wa pazia.

Sauti ya Feza ilitoka nyembamba. "Nataka kumaliza. Nami nilinyamaza, sikutaka kuharibu siku."

"Bote munanyamaza," mwalimu alisema, "basi amesema mwenye hana maneno." Akaagiza liandikwe katika karatasi ya ndoa, kwamba bibi harusi atamaliza shule ndipo ahamie kwa mumewe. Mjomba alinung'unika kidogo, akachukua soda.

Ndipo Useni akamwita Safari kwa kichwa. Kijana akaja akapiga magoti. Useni alimchukua mkono wa kuume, akauweka juu ya mkono wake mwenyewe uliokufa nusu, akaufunika kwa ule mzima. Akasema neno lake, fupi, wazi. Mwalimu alimtazama Nuru. Wanaume wote walimtazama Nuru.

"Hiyo ndiyo yenyewe," Nuru alisema, akarudi ndani, akaokota sinia lake.

Habari za ndoa ile zilitembea, na mtaani hawakusema tena kwamba Useni amekamatwa. Vijana wa ujenzi wakaanza kupita kumchukua, wanamweka kivulini kwenye kiwanja, awaangalie kazi. Wakikosea pembe wanaisikia kamata yake. Bertin, yule wa viatu vyekundu, alikuwa mmoja wao. Siku ya kwanza alimletea kigoda. Feza alimaliza mwaka uliofuata, akapangiwa kituo cha afya kulekule Mboko.

Ketsia naye alirudi siku moja, akiwa amehamishiwa Nundu, akamwomba Nuru amsindikize. Huko kulikuwa na familia iliyoshuka kutoka milimani, yenye mgonjwa kama Useni. Mke aliitwa Kabagwira. Mumewe, Éliezer, alikuwa mhubiri, na ugonjwa ulimpata kanisani palepale. Walimkuta amekaa mbele ya nyumba, mzee mrefu mwenye koti, na mkewe karibu yake amejikunyata kwa aibu.

"Amebaki na neno moja," Kabagwira alisema. "Kama ingekuwa Mungu, au amina. Ni *ihene*. Kwa lugha yetu ni mbuzi. Wazee wa kanisa wanakuja kumuombea, anawaangalia mmoja mmoja, anawaambia mbuzi."

Nuru alijizuia, lakini kicheko kilimponyoka, na baada ya kitambo Kabagwira naye akacheka, mkono mdomoni, pengine kwa mara ya kwanza tangu mumewe augue.

"Alikuwa anafuga mbuzi?"

"Hata moja. Sisi ni watu wa ng'ombe."

"Nipe kiti, mama," Nuru alisema. Akakiweka karibu na mzee, akaketi, akamsalimu na kumuuliza ameamkaje. Éliezer alimtazama kwa makini, akavuta pumzi, akasema neno lake. Nuru akainamisha sikio.

"Niambie tena, baba," alisema. "Pole pole. Sina haraka."